Laptopu: ununue sasa au usubiri? Mwongozo kamili kwa mnunuzi wa Tanga

Kwenye meza yangu ya ufundi hapa Ngamiani, swali linalokuja kuliko yote halihusu kioo kilichopasuka wala kibodi iliyomwagikiwa chai. Ni hili: "Fundi, ninunue laptopu sasa au nisubiri?" Nimelijibu kwa mdomo, kwa ujumbe wa simu, hata barazani kahawa ikinyweka, na bado watu wananirudia wakiwa wameanguka palepale.

Wako wanaopokea upatu Ijumaa na Jumamosi asubuhi washapanda basi la Kariakoo. Wako pia wanaosubiri bei ishuke mwaka wa pili huu, kazi zao wanazifanyia steshenari. Wa kwanza ukiwaambia haraka haraka haina baraka, wanakujibu ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali zote mbili ni zetu, na hakuna hata moja itakayokusaidia mpaka ushike kalamu.

Kosa la makundi yote mawili ni moja: wanaanza na bei. Hapa tutaanza na kazi na tarehe. Bei itakuja hatua ya tano.

## Utakavyohitaji

- Daftari na kalamu. Simu inafaa, ila karatasi hukumbukwa zaidi ukiwa mbele ya muuzaji mwenye maneno matamu.
- Jioni mbili za utulivu na Jumamosi moja ya kuzunguka madukani.
- Flashi moja, spika za masikioni, na simu yenye bando la kurushia intaneti.
- Laptopu yako ya zamani kama unayo, hata kama imekufa.
- Kiasi halisi cha pesa ulichonacho leo. Ahadi ya shemeji haihesabiwi.

## Hatua ya 1: Andika kazi na tarehe

Chora safu tatu: kazi, programu inayohitajika, tarehe ambayo bila laptopu kazi hiyo inakwama. Usiandike zaidi ya kazi tatu. Ukifika ya nne utaanza kuandika "kuangalia muvi", na hiyo simu inaiweza.

Mfano wa kijana anayeingia chuo: kuandika ripoti, programu ya kuandikia tu, wiki ya tatu ya muhula. Mfano wa anayesoma ujenzi: kuchora kwa AutoCAD, muhula wa pili. Hao wawili wanaweza kuwa ndugu wa nyumba moja kule Makorora, lakini mashine zao hazifanani na tarehe zao zimepishana kwa miezi.

Kwa nini hatua hii: anayesema "nataka laptopu nzuri" huuziwa iliyopo dukani. Anayesema "nataka ya kuchorea AutoCAD kuanzia mwezi wa tatu" humlazimisha muuzaji kufikiri.

Tahadhari: kama safu ya tarehe imebaki tupu kwenye kazi zote tatu, huna haraka, hata kama moyo unakudunda. Nenda moja kwa moja hatua ya 8.

Umefaulu ukiwa na: karatasi yenye walau tarehe moja ambayo mtu mwingine akiisoma ataikubali.

## Hatua ya 2: Hesabu kukaa bila laptopu kunakugharimu nini kwa wiki

Hapa ndipo watu wengi wanaruka, na ndipo uamuzi wenyewe ulipo.

Chukua mfano wa kijana wa Mikanjuni anayeandikia watu barua na wasifu wa kazi. Tuseme anakodi kompyuta steshenari kwa 1,000 kwa saa, saa 12 kwa wiki: 12,000. Nauli ya kwenda na kurudi siku nne: 8,000. Kazi moja kwa wiki inampita kwa sababu mteja kaja usiku na yeye hana mashine: 10,000. Jumla ni 30,000 kwa wiki.

Akisubiri wiki 12 kwa matumaini kwamba laptopu ya 600,000 itashuka hadi 550,000, atakuwa ametoa 360,000 ili aokoe 50,000. Nikimwonyesha hesabu hiyo hucheka, halafu hukaa kimya.

Sasa mfano wa mwalimu anayetunga mitihani mara tatu kwa mwaka. Gharama yake ikigawanywa kwa wiki ni kama 2,000. Akisubiri wiki 26 atakuwa ametumia 52,000. Huyo anaweza kusubiri hata mwaka mzima, na akitumia muda huo kuweka pesa ya mashine bora zaidi, amefanya la maana.

Hesabu yako iwe hivi: gharama ya wiki moja, mara idadi ya wiki unazotaka kusubiri. Linganisha na punguzo unalolitegemea. Usijidanganye upande wa punguzo: andika kiasi ulichowahi kukiona dukani kwa macho yako.

Laptopu ya mkopo nayo ipitishe kwenye hesabu hiyohiyo. Tuseme taslimu ni 650,000, na kwa mkopo ni kianzio cha 200,000 kisha 15,000 kila wiki kwa wiki 40. Wiki 40 ni 600,000, ukiongeza kianzio ni 800,000. Umelipia haraka yako 150,000. Kwa yule wa Mikanjuni hiyo ni gharama ya wiki tano tu za kukaa bila mashine, kwa hiyo mkopo unamlipa. Kwa mwalimu haumlipi.

Umefaulu ukiwa na: tarakimu mbili zikitazamana kwenye karatasi, gharama ya kusubiri na faida ya kusubiri.

## Hatua ya 3: Kama unayo ya zamani, ipime kabla ya kuizika

Nusu ya laptopu ninazoletewa kwa neno "imechoka" hazijachoka. Zina diski ya zamani inayozunguka.

Iwashe, ngoja dakika tano, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Utaona asilimia za prosesa (moyo wa mashine), RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi ulizofungua) na diski. Diski ikiwa 100 muda wote na mashine inajikokota, dawa yake ni SSD, diski ya kisasa isiyozunguka. Mashine iliyokuwa ikichukua dakika nne kuwaka itawaka chini ya nusu dakika. RAM ikiwa imejaa kila ukifungua kurasa tano za intaneti, shida iko kwenye RAM.

Kisha tazama kama inapokea Windows 11. Windows 10 iliacha kupewa ulinzi wa kawaida Oktoba 14, 2025. Microsoft waliweka utaratibu wa kuongezewa muda kwa watumiaji wa nyumbani unaokoma Oktoba 13, 2026. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika "tpm.msc", na uangalie toleo la TPM, chipu ya ulinzi: Windows 11 inataka 2.0. Prosesa ya Intel nayo inatakiwa iwe ya kizazi cha 8 kwenda juu. Namna ya kusoma kizazi iko hatua ya 4.

Itengeneze kama: prosesa ni kizazi cha 8 au zaidi, kioo kizima, bawaba hazijang'oa kasha, na tatizo ni diski, RAM, betri au feni iliyojaa vumbi.

Usiitengeneze kama: ubao mkuu umeliwa na chumvi. Tanga hili tunalijua. Nyumba za Raskazone zenye madirisha yanayotazama bahari, laptopu ikifungiwa kabatini miezi sita, ukiifungua unakuta ukijani kwenye shaba kama sarafu ya kale. Hapo utabadilisha kifaa kimoja leo na kingine mwezi ujao.

Tahadhari mbili. Nakili mafaili yako kabla ya kumpa fundi yeyote, pamoja na mimi. Na usinunue SSD kwa jina tu: kuna ya umbo la inchi 2.5 na kuna nyembamba iitwayo M.2, na tundu la moja halipokei nyingine. Nenda na laptopu yenyewe.

Umefaulu ukijua: inahitaji nini, kwa shilingi ngapi. Ukarabati ukizidi nusu ya bei ya mashine nyingine inayofaa, iache.

## Hatua ya 4: Weka kiwango cha chini, na usikishushe dukani

Kwa kazi za ofisi, masomo na biashara ndogo, kiwango changu ni hiki: RAM ya GB 8, SSD ya GB 256, prosesa ya Intel kizazi cha 8 au AMD Ryzen ya mfululizo wa 3000 kwenda juu, kioo cha nukta 1920 kwa 1080. Kwa michoro, video na ramani: RAM ya GB 16, na ukubali kulipa.

Kusoma kizazi cha Intel kunawachanganya watu, na wauzaji wanajua. Tazama namba baada ya i3, i5 au i7. i5-6300U ni kizazi cha 6. i5-8350U ni cha 8. i5-10310U ni cha 10, kwa sababu namba ina tarakimu tano na mbili za mwanzo ndizo kizazi. i5-1135G7 ni cha 11, ingawa ina tarakimu nne tu za mwanzo, na i5-1235U ni cha 12. Kizazi cha kwanza kabisa hakiuzwi tena kwa heshima, basi ukiona namba za aina hii zinaanza na 11, 12 au 13, hizo mbili zisome pamoja.

"i7" peke yake haina maana. i7 ya kizazi cha 6 imepitwa na i5 ya kizazi cha 8, kwa sababu i5 nyingi za kizazi cha 8 za laptopu za ofisi zilipata kori nne (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja) pale zilizotangulia zilipokuwa na mbili.

Usiamini jina la nje pia. ThinkPad T480 za Lenovo na Latitude 7490 za Dell nyingi ni za kizazi cha 8, lakini zilitoka pia zenye prosesa za kizazi cha 7. Kasha ni lile lile, moyo si ule ule. Soma prosesa ndani ya Windows, siyo stika.

### Mitego mitatu ya bei chee

Wa kwanza ni mtumba wa kizazi cha 6 na 7. Ofisi za Ulaya na Marekani zinaondoa mashine ambazo Windows 11 haizipokei, nazo zinatafuta pa kwenda. Zimeng'aa, za kampuni kubwa, bei inavutia. Zinafaa kwa mtu atakayeweka Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, au atakayezitumia bila intaneti. Kwa mwanafunzi wa miaka mitatu, hapana.

Wa pili ni mpya ndani ya boksi yenye Celeron, prosesa dhaifu ya Intel, na hifadhi ya eMMC ya GB 64, ambayo ni chipu iliyochomelewa kwenye ubao badala ya SSD. Hii imewaliza wazazi wengi kuliko mtumba wowote. Neno "mpya" linawapa usingizi. Windows yenyewe na masasisho yake hula sehemu kubwa ya hizo GB 64, na baada ya miezi michache mashine inalia haina nafasi. RAM yake mara nyingi ni GB 4, nayo imechomelewa kwenye ubao, haiongezeki. Nikipewa kuchagua kati ya hiyo na HP EliteBook ya mtumba ya kizazi cha 8 kwa bei moja, sifikirii mara mbili.

Wa tatu ni MacBook Air ya 2017 au chini ya hapo. Inapendeza mezani, lakini mfumo wake hauvuki macOS Monterey, ambao hauletewi tena masasisho ya usalama. Na Apple ilitangaza mwaka 2025 kwamba macOS Tahoe ndiyo ya mwisho kwa Mac zenye prosesa za Intel. Ukitaka Mac, anzia M1, iliyotoka Novemba 2020, na uchague RAM vizuri siku ya kununua kwa sababu hakuna fundi atakayekuongezea.

Umefaulu ukiwa na: mistari minne ya vipimo nyuma ya ile karatasi, na nguvu ya kusema "ahsante, nitarudi".

## Hatua ya 5: Tazama kalenda ya bei

Sasa bei. Bei za madukani ni kama msemo wa mji wetu, waja leo waondoka leo, lakini kuna vitu vinavyozisukuma ambavyo vinajulikana.

RAM. Tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM zimepanda dunia nzima. Sehemu kubwa ya RAM duniani inatengenezwa na kampuni tatu, Samsung, SK Hynix na Micron, nazo zimeelekeza nguvu kwenye seva za akili mnemba ambako faida ni nono. Desemba 2025 Micron ilitangaza kuacha kabisa kuwauzia watu wa kawaida bidhaa zake za jina la Crucial, ambazo sisi mafundi tulizizoea.

Maana yake kwako: ile ahadi ya zamani, "nunua ya GB 4, RAM utaongeza baadaye kwa bei ya chini", ifute. Tafuta mtumba ambao RAM ya kutosha tayari imo ndani. Na anayesubiri laptopu mpya ishuke bei anasubiri kinyume cha upepo.

Bajeti ya serikali. Husomwa Juni, na mabadiliko ya kodi huanza Julai 1. Kama tarehe yako ni Agosti na gharama yako ya wiki ni ndogo, sikiliza bajeti kwanza. Kama ni Machi, usiitumie bajeti kuwa kisingizio.

Msimu wa vyuo. Oktoba na Novemba wanafunzi wanaingia vyuoni, boom (pesa ya mkopo wa wanafunzi) linatoka, na wauzaji hawana sababu ya kupunguza hata elfu kumi. Mzazi mwenye kijana aliyemaliza kidato cha sita anunue kabla ya msimu huo, pesa ikiwepo.

Matoleo mapya. Kampuni huonyesha laptopu mpya kila Januari kule Las Vegas. Kwetu sisi wanunuzi wa mtumba hilo halina uzito. Mashine za ofisi za nje hukaa kazini miaka mitatu au minne kabla hazijafika mikononi mwetu. Kusubiri toleo jipya ni shughuli ya mpiga picha za video na mcheza gemu.

## Hatua ya 6: Amua, na uandike tarehe

Majibu ni matatu tu.

Nunua sasa kama gharama ya kusubiri inazidi faida yake, au tarehe ya hatua ya 1 iko ndani ya wiki nane, na pesa inafikia kiwango cha hatua ya 4.

Tengeneza ya zamani kama hatua ya 3 imeipitisha. Hili ndilo jibu ninalolitoa zaidi siku hizi, na watu hawalipendi, wanadhani nawatafutia meza yangu kazi. Basi wapeleke kwa fundi mwingine, ila watengeneze.

Subiri mpaka tarehe fulani kama pesa haifikii kiwango, au gharama ya wiki ni ndogo. Subira isiyo na tarehe si subira. Andika: "Nitanunua Jumamosi ya tarehe fulani, bei iwe imeshuka au haijashuka."

Kuna hali ya nne inayoumiza: tarehe imefika na pesa haitoshi. Hapo usishushe kiwango cha prosesa. Shusha uzuri: kubali kasha lenye mikwaruzo, betri iliyochoka, kibodi ya lugha nyingine. Betri inabadilishwa, kibodi inabadilishwa. Prosesa inazeeka na mashine mpaka mwisho.

## Hatua ya 7: Siku ya kununua

Nenda asubuhi, umeme ukiwepo, na usiwe na basi la kuwahi. Tenga dakika 40 kwa mashine moja. Muuzaji akikuharakisha, mwambie unaye mwingine wa kumwona. Mara nyingi hulegea.

Nikiri kosa langu. Kabla sijawa na meza, nilinunua mashine Dar nikiwa na haraka ya kurudi. Ilikuwa inawaka, inacheza video, safi. Nilipofika nyumbani nikataka kubadilisha mpangilio wa ndani, ikaniomba neno la siri la BIOS, ile mipangilio ya msingi inayotangulia Windows. Muuzaji hakupokea simu, na wiki iliyofuata ile meza haikuwepo pale. Nilinunua mbuzi kwenye gunia na nauli ya kwenda na kurudi juu yake. Ndiyo sababu ukaguzi wangu unaanza kabla Windows haijawaka.

1. Omba izimwe kabisa. Iwashe ukibonyeza F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad. Ukiingia kwenye BIOS bila kuulizwa neno la siri, vema. Ukiulizwa na muuzaji hana jibu, ondoka.

2. Linganisha namba ya utambulisho iliyomo humo na iliyo chini ya kasha. Zikitofautiana, ubao au kasha vimebadilishwa. Si lazima iwe ya wizi, ila bei ishuke.

3. Soma prosesa na RAM ndani ya Windows, kwenye mipangilio ya mfumo. Rudia kusoma namba kama hatua ya 4 ilivyoeleza.

4. Pima betri kwa ripoti. Fungua Command Prompt, andika "powercfg /batteryreport", nayo itakuambia faili limehifadhiwa wapi. Ndani yake tafuta DESIGN CAPACITY, uwezo wa betri ilipokuwa mpya, na FULL CHARGE CAPACITY, uwezo wake leo. Ya pili igawe kwa ya kwanza. Ikifika asilimia 80, safi. Ikiwa 60, dai punguzo. Chini ya hapo hesabu bei ya betri nyingine.

5. Pima betri kwa macho pia, maana ripoti hudanganya ikiwa betri ni ya bandia. Chomoa chaja, cheza video dakika 20. Ikishuka asilimia 10, utapata kama saa tatu na dakika ishirini. Ikishuka 30, umepata saa moja na kidogo, na Tanga umeme ukikatika jioni, muda wa saa moja hautoshi kumaliza kazi ya mtu.

6. Angalia afya ya SSD kwa programu ya CrystalDiskInfo uliyoibeba kwenye flashi. Neno la tahadhari likitokea kwa rangi ya njano au nyekundu, omba ibadilishwe.

7. Bonyeza kila herufi kwenye Notepad. Chomeka flashi kwenye kila tundu. Fungua kamera, sikiliza spika, unganisha Wi-Fi na simu yako. Weka picha nyeupe kioo kizima, kisha nyeusi, utafute madoa.

8. Iache ikifanya kazi robo saa, kisha weka kiganja chini yake. Joto ni kawaida, kuunguza si kawaida. Feni inayosaga kama kinu ina vumbi au inakufa.

9. Omba Windows ifutwe na kuanzishwa upya, ikiwa na intaneti. Ikidai barua pepe ya kampuni au taasisi, mashine hiyo bado iko mikononi mwa mwenyewe wa zamani. Usiinunue kwa bei yoyote. Kwa Mac ni vilevile: isiombe akaunti ya mtu mwingine.

Ukimaliza, dai risiti ya EFD yenye namba ya utambulisho ya mashine, na dhamana iwe kwa maandishi, siku ngapi na inafunika nini. "Ikisumbua nipigie" si dhamana.

### Tanga au Kariakoo?

Kariakoo chaguo ni pana na bei mara nyingi iko chini. Lakini kutoka hapa ni kama kilomita 350, na laptopu ikisumbua siku ya tatu utaisafirisha mara mbili. Mimi nafanya hivi: natoa nauli ya safari mbili kamili kwenye tofauti ya bei. Ikibaki akiba ya maana, naenda. Isipobaki, nanunua hapa Tanga ambako muuzaji tutakutana msikitini au sokoni, na aibu hiyo ni dhamana kuliko karatasi.

Kununua kwa picha na kutumiwa kwa basi, nakataza, isipokuwa una ndugu Dar atakayefanya ukaguzi wote tisa kabla hujalipa. Anayekwambia "tuma nusu kwanza nikushikie" asikushike.

## Hatua ya 8: Ukiamua kusubiri, subiri hivi

Weka pesa mahali usipopafikia kirahisi. Upatu unafaa kama zamu yako iko karibu na tarehe uliyoiandika, mwombe kijumbe akupange huko. Kila Jumamosi ya pili pita maduka matatu, uliza mashine ileile moja, andika bei. Baada ya miezi miwili utajua bei halisi kuliko anayekuuzia.

Kazi za katikati zifanye kwa simu na kibodi ya kuchomeka, au keti Maktaba ya Mkoa na kalamu, steshenari uende kuchapa tu. Hilo peke yake hupunguza ile gharama ya wiki, na gharama ikipungua subira inakuwa halali.

Tarehe ikifika, rudi hatua ya 7 siku hiyohiyo. Usianze tena hatua ya 1.

## Wiki ya kwanza nyumbani

Itumie kwa fujo, kila siku, saa nyingi. Ugonjwa uliofichwa ujitokeze dhamana ikiwa hai. Isichomekwe ukutani moja kwa moja, tafuta soketi yenye kinga, maana umeme unaporudi ndipo chaja zinapoungua. Usiku iweke mbali na dirisha la upande wa bahari.

Kama dhamana ni ya siku saba, siku ya sita toa ripoti ya betri upya, uilinganishe na ile ya dukani. Ikiwa uwezo umeporomoka, funga mashine, chukua risiti, na uwe mlangoni kwa muuzaji kabla hajafungua duka.